Siri ya Spika
Tangu 2016, WhatsApp hufunga simu kwa fumbo ambalo hata wenye kampuni hawawezi kulifumbua. Kenya nayo ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Basi siri husafiri salama salimini kutoka Muscat hadi Msambweni. Huvuja ikishafika barazani, mama anapoweka spika, akainua simu kuusaka mtandao na kupaza sauti: “Umesema umetuma shilingi ngapi?” Mwenye duka anafungua daftari la madeni. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti kuzorota, Diani ya watalii ililalamika, lakini siri zilipumzika. Mama, mdukuzi hana kazi kwako. Tia simu sikioni.