Akiba Inaoza, Jamani

Aliyesema akiba haiozi hakuwahi kuishi Durban. Huku unyevu wa bahari unaingia hadi kabatini, upepo wa chumvi unakula msumari ungali kwenye pakiti, na saruji ukiiweka stoo msimu mmoja wa mvua inageuka jiwe lenye umbo la mfuko. Mume wangu anayo mawe ya namna hiyo karibu na mlango wa jikoni, kilo 50 kila moja. Nikimwuliza ya nini, ananijibu kwa upole, "Mama Rukia, hayo yatafaa kuegemeza geti." Geti lenyewe analo, limelala ukumbini likisubiri ukuta.

Baba Rukia ni fundi, na fundi wa Kitanzania aliye ugenini ana nyumba mbili: hii anayolala na ile ya Kigamboni, ambayo hadi leo ni msingi na majani. Kila kinachobomolewa Umbilo au Glenwood yeye anakiona kimeshapigiliwa Kigamboni. Milango, sinki, koki, vigae visivyotosha hata choo, nondo zilizopinda. "Vyote vitaingia kwenye kontena," anasema. Habari za kontena hilo nilianza kuzisikia Rukia hajaota meno. Sasa Rukia anajaza fomu za chuo.

Sina ugomvi na ndoto za mtu. Ninagomba kwa sababu ndoto hii imerundikwa kwenye njia ya kutokea. Mlango wa nyuma unafunguka kiasi cha kupitisha paka. Moto ukizuka jikoni tutatoka kwa zamu, wembamba kwanza, na mimi katika foleni hiyo najua nafasi yangu.

Na moto hauhitaji kualikwa. Chini ya ngazi kuna makopo ya rangi na madumu ya thina yaliyopoteza vifuniko. Thina si lazima imwagike: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la gesi. Enzi za mgao wa umeme nilikuwa nasoma Ayatul Kursi kabla ya kuwasha mshumaa. Halafu kuna matambara anayopakia mbao mafuta ya kitani. Hayo yakiachwa yamekunjwa pamoja yanajipasha joto yenyewe, yanaweza kuwaka bila hata kiberiti. Nilipolijua hilo nikayatandaza kwenye kamba nje. Jirani alipoona akatuletea nguo za mtumba.

Tukienda uani ndiyo balaa. Durban ina koboko wake wa mjini: Reservoir Hills, Westville, Queensburgh, wakamata nyoka kama Nick Evans hawaishi kupigiwa simu wakawatoe kwenye dari na nyuma ya nyumba za watu. Koboko anatafuta giza, joto kidogo na panya. Rundo letu la mabati kwake ni hoteli yenye kifungua kinywa. Aliyeogopa nyoka akaruka pembeni atakutana na mbao zenye misumari iliyotazama mbinguni. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na vumbi, na msumari ndio unaovifungulia mlango. Mimi kwenda kuanika nguo navaa viatu vya kazi vya mume wangu.

Majuzi akaja na pikapu imejaa mabati ya kijivu yenye mawimbi. "Nimeyapata bure!" Nikamwuliza, tangu lini mwenye nyumba wa hapa akatoa paa bure? Ilikuwa asbesto. Nchi hii iliichimba yenyewe kwa miongo mingi, kisha mwaka 2008 ikapiga marufuku kuitumia na kuiuza. Ikiwa imetulia paani haina maneno mengi. Ikivunjwa au ikikatwa ndipo nyuzi zake zisizoonekana zinapoingia mapafuni na kufanya makazi, na saratani yake huweza kubisha hodi miaka 20 hadi 40 baadaye. Fundi wangu alikuwa ameshashika grinda ayapunguze urefu, yaenee kwenye kontena. Nilisimama nyuma ya pikapu na mwiko mkononi. Hakuna bati lililoshuka.

Hoja hazimwishi. Ya kwanza ni Wazanzibari wa Chatsworth. Babu zao waliokolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakaletwa hapa kuanzia mwaka 1873, wakaja kutulia King's Rest kule Bluff. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth. "Unaona? Mgeni hajui lini ataanza upya." Mimi nasema anayeweza kuambiwa ahame kesho amiliki vitu vinavyoingia kwenye begi. Bafu la chuma haliingii.

Hoja ya pili ni Aprili 2022, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili la KwaZulu-Natal. Ni kweli, siku ile mtaa mzima ulihitaji makoleo ya kuzolea tope. Sisi tunayo, idadi yake anaijua Mungu, yako chini ya milango, milango iko chini ya vigae, vigae viko nyuma ya bafu. Tukaenda kuazima kwa jirani.

Baada ya asbesto tukawekeana sheria: kikiingia kimoja, kitoke kimoja. Sina la kumlaumu, ameifuata neno kwa neno. Juzi limeingia sinki jingine, kikatoka kitanda cha wageni. Mgeni ni mama yangu, na anafika Ijumaa.