Shangazi Anajibu: Pai ya Kale, Wakwe Wapya

Barua imetoka Suguti, Musoma Vijijini. Mwenye barua amewaahidi wakwe zake wa Bunda pai ya nyama ya Kiingereza, tena ile ya kale, hana oveni, na wageni wanaingia Jumamosi. Basi, shida yake ndiyo hiyo. Sasa tumzungumzie Shangazi.

Shangazi wa safu hii hajapata kushindwa na chakula. Kuanzia Mwigobero hadi Makoko sambusa zake zinajulikana, na kuna mzee wa Majita ambaye hadi leo hagusi za mtu mwingine. Wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walipotoa kitabu chao cha mapishi ya walowezi mwaka 1928, hawakumshirikisha. Kweli, alikuwa hajazaliwa, lakini hata barua?

Hannah Glasse wa London, ambaye kitabu chake cha 1747 kinasifiwa mpaka leo, Shangazi anamheshimu kama mdogo wake. Bibi huyo alieleza pai ya Krismasi ya Yorkshire: njiwa ndani ya kwale, kwale ndani ya kuku, kuku ndani ya bata bukini, bata bukini ndani ya bata mzinga, wote wametolewa mifupa. Unga wake ulikaribia madebe mawili, na kuta alitaka zijengwe imara kwa sababu pai hizo zilipelekwa London zawadi, ndani ya masanduku. Shangazi haoni la ajabu. Yeye angeongeza kanga, akaipakia kwenye basi la Mwanza, ikafika bila ufa.

Ganda, kwa wasiojua, lilikuwa chombo. Nyama iliiva humo, ikasafiri humo, ikatunzwa humo. Gervase Markham, mwaka 1615, alishauri nyama ya kulungu ifungwe kwa unga wa rai, ganda nene na gumu, lidumu. Rai Suguti haipatikani, na mwenye barua asithubutu muhogo wala ulezi. Havina unato wa ngano, kuta zitalala kabla wakwe hawajakaa.

Achukue nusu kilo ya unga wa ngano na chumvi. Maji yasiyofika robo lita ayachemshe pamoja na gramu 150 za mafuta ya ng'ombe (Waingereza hutumia ya nguruwe, lakini Shangazi haingilii dini za wakwe), amimine kwenye unga, akoroge kwa mwiko, akande ungali wa moto. Maji hayo huupika unga kidogo, ndiyo maana donge halivutikivutiki, linasimama. Alizungushie kopo lililopakwa unga, apandishe kuta kwa vidole taratibu, pasiwe na mahali pembamba, kisha achomoe kopo. Akichelewa, donge likapoa, litapasuka mikononi mwake, na hapo asimtaje Shangazi.

Nyama ni ya ng'ombe, ikatwe kwa kisu vipande vidogo, iingie mbichi. Pilipili manga, kungumanga, basibasi, zabibu kavu na karafuu. Waingereza wa kale walichanganya nyama na zabibu bila aibu, na karafuu zao zilitoka Maluku karne nyingi kabla ya Zanzibar kuanza kuzipanda. Shangazi angewauzia kwa bei nzuri.

Na oveni? Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, pai juu ya sahani ya bati, mfuniko, makaa machache chini na mengi juu, saa moja na nusu au zaidi, hadi mchuzi utokote kwenye tundu la kifuniko cha pai. Ikishapoa, tundu hilohilo ndilo la kumiminia supu ya makongoro iliyochemka mpaka inanata midomoni. Kwenye pai za Melton Mowbray, supu ya mifupa ya nguruwe huganda ikaziba nafasi kati ya nyama na ganda. Kwa joto la Musoma mchana itayeyuka, kwa hiyo ifanyike usiku, iliwe asubuhi na mapema, isilale tena.

Kama wakwe ni wagumu, kuna dawa kali. Robert May, katika kitabu chake cha 1660, alioka ganda tupu lililojazwa pumba, akalitoboa chini, akamwaga pumba, akaingiza vyura hai; pai nyingine akaijaza ndege. Vifuniko vikiinuliwa, vyura wanaruka, wanawake wanapiga kelele, ndege wanazima mishumaa. Pumba zipo, Mto Suguti una vyura, mkwe mkubwa hatauliza tena habari za mahari.

Au kamongo! Gloucester kwa karne nyingi iliwapelekea wafalme pai ya samaki aitwaye lamprey, mrefu kama nyoka, na mwaka 2012, lamprey wa kwao wakiwa haba, wakaagiza wa maziwa makuu ya Marekani. Hawakukumbuka Ziwa Victoria. Henry wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1135, anasimuliwa kuwa alikula lamprey kupita kiasi, basi mwenye barua awapimie wakwe.

Ukurasa umejaa. Nyama ya ng'ombe, makaa juu, vyura hapana. Bwana wa Butiama aliyeandika kuhusu mbuzi wa jirani, jibu lako ni hilohilo, ila bila zabibu.