Steringi Hafi, na Muvi Haiishi

Nina malalamiko, na safari hii hayahusu umeme wala maji. Yanahusu muvi. Muvi za siku hizi haziishi. Sisemi ni ndefu, ingawa ndefu ni ndefu kweli, nasema haziishi. Unakaa saa mbili na nusu, bisi zimekwisha, soda imekwisha, mguu umekufa ganzi, halafu steringi anainua uso, muziki unapaa, giza linaingia, na yanaanza kupita majina ya watu walioshika nyaya na taa. Adui mzima. Binti hajaokolewa. Na hela yako umeshaitoa.

Sheria ya zamani kila mtoto aliyekulia kibanda umiza aliijua: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atarushwa kutoka kwenye treni, atafungwa kamba na kuachiwa nyoka, lakini dakika za mwisho adui atalala chini na steringi atajikung'uta vumbi aondoke zake. Hicho ndicho tulichokuwa tukikilipia. Siku hizi steringi bado hafi, ila na adui naye hafi, maana wote wawili wana mkataba wa muvi mbili mbele.

Chukua Fast X ya mwaka 2023. Kijana anayenijazia muvi kwenye flashi aliniapia kwamba ni moto. Moto ulikuwepo, sikatai. Mpaka Roma nzima ilikoswakoswa na bomu la duara linalobingirika mitaani. Mwishoni Dominic Toretto anateremka na gari kwenye ukuta wa bwawa, mwanawe yuko pembeni. Wanafika chini salama. Ndipo adui anapotangaza kwamba bwawa lote kalitega mabomu. Enhe? Enhe hakuna. Tunaachwa hapo hapo, baba na mtoto chini ya ukuta. Tangu 2023 wamesimama pale. Yule mtoto sijui shule kakosa mihula mingapi.

Nikasema basi, hayo ni mambo ya magari, ngoja nitafute muvi ya watu wazima. Nikaangalia Dune ya Denis Villeneuve, ya 2021. Frank Herbert aliandika riwaya yake mwaka 1965, akaitoa ikiwa kitabu kimoja, msomaji akaenda nacho nyumbani kikiwa kizima. Muvi ikaja ya saa mbili na dakika 35 na ikaishia katikati ya kitabu. Mabango yaliandika Dune tu. Neno la kwamba hii ni sehemu ya kwanza lilijitokeza ukiwa umeshakaa kitini na taa zimezimwa. Fundi cherehani akikupa shati la mkono mmoja, akakwambia mkono wa pili njoo mwaka 2024, mtaa mzima utakusikia. Mtengeneza muvi akifanya hivyo anapewa Oscar, tena sita. Naikubali muvi yenyewe. Ule mchanga ni mzuri hadi nikaona kiu, na wale minyoo wakubwa wamenitisha kuliko adui. Ndiyo maana nina hasira: ingekuwa mbovu ningelala.

Halafu mabinti wa nyumbani wakaleta Wicked. Huu ni mchezo wa jukwaani wa New York, upo tangu 2003, na ukiuangalia mwanzo hadi mwisho, mapumziko yakiwemo, unakaribia saa mbili na dakika 45. Muvi imechukua nusu ya kwanza peke yake ikaivuta hadi saa mbili na dakika 40. Mchawi wa kijani anapanda ufagio, anapaa, anaimba mpaka vioo vinatikisika, kisha tunaandikiwa kwamba itaendelea. Ilikuwa Novemba 2024. Iliendelea Novemba 2025. Yaani mapumziko ya mwaka mzima! Wachawi wetu wanaosafiri kwa ungo tunaambiwa alfajiri wameshatua, wengine wameshatua kwenye paa lisilo lao. Huyu wa Hollywood kakaa hewani miezi kumi na miwili na nyumbani kwangu watu wanaona ni sawa.

Mpwa wangu ndiye wakili wao. Kila nikilalamika ananiita pembeni kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa majibu yake.

"Anko, hiyo inaitwa yunivasi. Huwezi kuielewa hii bila kuona zile saba za nyuma."

Saba! Mimi nataka kujiburudisha Jumamosi, yeye ananipa mtaala.

Ni yeye pia aliyenifundisha kwamba muvi ikiisha usinyanyuke. Ugonjwa huu ulienea baada ya Iron Man ya 2008, pale majina yote yalipokwisha kupita akatokea mzee mwenye jicho moja, akasema maneno machache, na dunia nzima ikawa haiondoki tena ukumbini. Basi tunakaa. Yanapita majina ya wasaidizi, ya wapishi, ya madereva. Dada wa usafi ameshaingia na ufagio, anasema samahani baba, inua miguu. Daladala la mwisho linajaza huko nje. Mpwa wangu ananishika mkono: "Bado, Anko." Kinachokuja baada ya subira yote hiyo ni mtu mmoja anayefungua mlango na kucheka.

Hata Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka 2025, imeingia kwenye mkumbo huo. Hii nawashauri muitafute. Ni Mississippi ya mwaka 1932, Michael B. Jordan anacheza pacha wote wawili, kuna blues, kuna dansi, na kuna wanyonya damu wanaobisha hodi kwa adabu wakiomba wakaribishwe ndani. Sisi tuliolelewa na hofu ya mumiani tulijua mapema kwamba mlango haufunguliwi. Lakini sehemu tamu kuliko zote, ambapo Buddy Guy, mpiga gitaa mwenyewe, anatokea akiwa yule kijana mwanamuziki wa muvi, sasa amezeeka, imechomekwa katikati ya majina. Nusu ya ukumbi ilikuwa ngazini tayari. Watu wazima wakabaki wamesimama, mkoba begani, shingo zimegeuka nyuma, hawajui warudi au wateremke.

Tusimsingizie Mzungu peke yake. Wahindi mwaka 2015 walitupa Baahubali, ikaishia kwa Kattappa, mtumishi mwaminifu, kukiri kwamba yeye ndiye aliyemuua bwana wake. Kwa nini? Subirini. India nzima ikawa inaulizana swali hilo hadi 2017. Afadhali wao: sehemu ya pili waliiita ya hitimisho, na ikahitimisha kweli. Mzee jirani yangu, aliyekuwa haikosi picha ya Kihindi Avalon na Empire hapa Dar es Salaam, hanielewi kabisa nikimweleza haya. Kwake yeye Sholay ya 1975 ilipita saa tatu, lakini mapumziko yalikuwa ya kununua njugu, na watu walipotoka walijua adui, Gabbar Singh, kafikia wapi.

Na sisi wenyewe? Nani kasahau Bongo Movie za enzi za Kanumba, kasha moja sehemu ya kwanza, kasha jingine sehemu ya pili, kila moja na bei yake? Hadithi ilikuwa ya kasha moja. Ili itoshe mawili, gari likapewa uigizaji. Linafika getini, linapiga honi. Mlinzi anakuja, hana haraka. Geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa. Mtu anashuka, anapandisha ngazi, anakaa kwenye sofa, anaguna. Hapo dakika kumi zimekatika na hatujaambiwa hata kaja kumwona nani. Leo naona Hollywood wamejifunza kwetu, tofauti ni kwamba geti lao limetengenezwa kwa kompyuta.

Kwamba hadithi nzima inaweza kuishia ndani ya muvi moja alishatuonyesha Amil Shivji. Alichukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya nene ya 1999 yenye Yasmin, Denge, Mwajuma na Unguja nzima ya miaka ya 1950, akaifanya muvi ya dakika tisini na kitu, ikaenda hadi tamasha la Toronto mwaka 2021. Ina mwanzo, ina mwisho, na ina rangi za kumfanya mtu aulize nauli ya boti. Mimi nikasema wamewahi kuikata, kwenye kitabu mambo ya Yasmin ni mengi kuliko yale. Mama watoto akaniangalia. "Wewe ndefu hutaki, fupi hutaki. Soma kitabu utuache."

Nikasoma kitabu. Nikakitoa kabatini Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda mashindano ya uandishi kikachapishwa mwaka 1960. Mwandishi alikuwa bwana afya huko Zanzibar kabla ya kuwa mhariri, na inaonekana: hakuna kona ambayo mpelelezi wake hachungulii. Maiti inakutwa penye mzimu, pale ambapo watu hata kupita wanaogopa. Mtaa unanong'ona kuhusu pepo. Bwana Msa anajaza kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni, anaanza kuuliza maswali ya kibinadamu.

Sitasema hakina kasoro. Sijazoea kusema hivyo kuhusu kitu chochote. Bwana Msa anajua mno. Dalili anaziona yeye, anazificha yeye, halafu mwishoni anatukalisha wote, Inspekta Seif akiwemo, tusikilize hotuba. Katika maisha ya kawaida mtu wa namna hiyo haalikwi harusini. Na Kiswahili chenyewe ni cha Unguja hasa, kiasi kwamba mimi mtu wa bara nilisoma kidole kikiwa kwenye kamusi. Lakini hotuba ikiisha, imeisha. Aliyeua ametajwa, alivyoua tumeelezwa, sababu tumepewa. Nilifunga kitabu nikalala bila deni.

Wataalamu wanasema Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, na undugu huo unaonekana hadi kwenye kiko. Conan Doyle naye alimchoka Holmes akamtupa kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi mwaka 1893, wasomaji wakamjia juu hadi akamrudisha. Sina ugomvi na hilo. Mpelelezi arudi hata mara hamsini, mradi kila anaporudi aje na kesi yake na aondoke ameifunga. Kuendelea ni ruhusa. Ninachokataa ni kuuziwa nusu kwa bei ya nzima.

Siku mpwa wangu alipoishiwa bando nilimpa kile kitabu, kwa ubaya tu. Kesho yake jioni alinifuata uani.

"Anko, part two ipo?"

Nikamtazama. Huyu ameshaambiwa kila kitu, hakuna anayening'inia popote, hakuna aliyemwekea chambo baada ya majina. Anataka nyingine kwa hiari yake, kwa sababu ya kwanza ilikuwa tamu. Nikampa Kisima cha Giningi, cha 1968. Wasomaji wa wakati ule walikaa miaka minane katikati ya vitabu hivyo viwili, na hakuna aliyeachwa na mtoto chini ya bwawa.

Cha kwanza bado hajanirudishia.