Kitimoto ya Jumatano kwa Machungwa ya Muheza

Wala nguruwe wa Tanga wamezoea kuifuata nyama hii baa: nusu kilo, ndizi za kukaanga, kachumbari, na kusubiri mpaka njaa ianze kukusemesha. Mimi nasema ni chakula cha nyumbani, siku ya kazi, saa mbili usiku watu wawe wameshiba. Tuhesabu tukishuka, lililo zito nimeliweka mwisho.

7. Bucha. Omba vipande vya mgongo vyenye mfupa, unene wa sentimita mbili na nusu. Vyembamba kama khanga hukauka hujavigeuza. Tafuta mhuri wa mkaguzi wa nyama. Ukiona vilengelenge vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele, hao ni watoto wa tegu: muage muuzaji kwa heshima, uondoke.

6. Chumvi. Vijiko vitatu vya chakula kwenye lita moja ya maji, zamisha nyama nusu saa. Chumvi hulegeza nyuzi zikashika maji, na maji hayo ndiyo ulaini wenyewe. Watoto wamalizie hesabu za shule. Zikiwashinda, nyama itawavumilia hata saa nzima.

5. Paipai bichi. Pwani tunalipaka mishikaki ya ng'ombe, na kazi linaifanya kweli, kwani utomvu wake hukata nyuzi. Hapa liache. Nyama ya mgongo ni laini tangu bucha; paipai litaifanya uji, na uji tunao wa asubuhi.

4. Moto. Futa nyama ikauke kabisa, maana nyama iliyolowa huchemka badala ya kukaangika. Chanja ukingo wa mafuta mara mbili tatu ili kipande kisijikunje. Kikaango kizito, mafuta kidogo, dakika nne upande mmoja, nne upande wa pili. Iache itulie! Anayegeuza kila saa anapika mkono wake. Mwenye kipimajoto angoje nyuzi 71. Asiye nacho achome kisu karibu na mfupa: wekundu usionekane, maji yatoke hayana damu. Tegu hafi kwa vitisho, hufa kwa moto.

3. Rojo. Hapa ndipo Tanga inapojidai, na ina haki. Kamua machungwa mawili ya Muheza, tia vijiko viwili vya asali ya Handeni, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili manga, na kijiti cha mdalasini kutoka milima ya Amani. Chemsha kwenye sufuria ya pembeni mpaka ipungue nusu na kung'ang'ania kijiko. Malizia na ndimu, utamu usilewe madaraka. Nusu ya mkoa imeingia sufuriani bila kulipa nauli! Ila usiimwage mapema: sukari huungua upesi, na asali iliyoungua ni chungu. Imwagie nyama dakika mbili za mwisho, ukiteka na kuinyweshea juu mpaka ing'ae.

2. Dakika tano. Epua, weka kwenye sahani, usikate. Ukikata papo hapo maji yote yatakimbilia sahani. Songa ugali, au katakata kachumbari.

1. Kikaango cha pili. Usagara, Chumbageni, Ngamiani, kote tunaishi ukuta kwa ukuta, na jirani asiyekula nguruwe ana haki ya kula kwako bila wasiwasi. Pika rojo mara mbili ya kipimo, na nusu yake uitenge kabla haijakaribia nguruwe. Kidari cha kuku aliyechinjwa kihalali kiwe na kikaango chake, kisu chake na kijiko chake, vyombo visivyowahi kugusa nyama ile. Mwambie wazi kipi ni kipi. Jumatano hii mpelekee kuku wake kwanza, angali wa moto, ndipo ukae mezani kwako.