Lia, Lakini Kwa Kanuni

Mpenzi wa Kiesperanto akikanyaga msumari ana kazi mbili: kulia, na kulia kwa usahihi. Ludwik Zamenhof alipoitoa lugha hiyo aliyoibuni mjini Warsaw mwaka 1887, aliiwekea kanuni 16 tu, na mojawapo inaamuru mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata shangwe hazikusamehewa. Mfaransa aliyezoea kushangilia kwa kukaza mwishoni, akihamia Kiesperanto hana budi kusema “hura” kwa kukaza “hu”. Hiyo ndiyo furaha yenye adabu.

Balaa likaja na “wow” ya Waingereza. Alfabeti ya herufi 28, na w haimo! Basi ikaburutwa ŭ, iliyozoea kujibanza nyuma ya a na e, ikasukumwa mbele kuongoza msafara: “ŭaŭ”. Walinzi wa usafi wa lugha wakakunja nyuso. Mpaka tahajia ipitishwe, kilichokushangaza kimeshakwenda zake.

Walinzi haohao hutamka “fi” ya kukirihika bila kuuliza pasipoti yake, ingawa Wafaransa walikuwa nayo zamani. Na “ve” ya majonzi? Wajerumani, na Wayahudi wa Ulaya Mashariki, walishalia kwa neno ndugu yake muda mrefu kabla Zamenhof hajazaliwa. Hizo ni halali kwa sababu moja tu: ziliwahi foleni. Kumbe hata katika lugha ya usawa wa mataifa, mgeni ni yule aliyechelewa kufika.