Mjomba, Huku Nako Wana Jando

  Mjomba, barua ya kamati ya vijana ya kanisa hapo Masasi imenifikia huku Minnesota, Marekani, na kwa kuwa mwenyekiti ni wewe, naijibu kwako. Mmeuliza mambo mawili: hizi kambi za Kikristo za vijana ambazo wageni wa Kimarekani wakifika huko hawaishi kuzisifu ni kitu gani hasa, na je, kanisa letu nalo lianzishe ya kwake kwa mtindo huohuo? La pili nitalifikia. La kwanza, jibu lake ni neno moja: jando. Najua wazee wa kanisa wawili watatu watavua miwani wakifika hapa. Waombe waivae tena, maana sitanii, ingawa mengine yanachekesha.

Jimbo hili limeandika kwenye vibao vya namba za magari yake kwamba lina maziwa 10,000. Mbu halikuwaandika, nadhani kwa kukosa nafasi. Shule hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Septemba, na katikati hapo wazazi wenye viyoyozi, mashine za kufulia na majokofu yanayotengeneza barafu yenyewe hulipa mamia ya dola ili mtoto wao akalale wiki nzima porini kando ya ziwa, ndani ya kibanda cha mbao, juu ya dabodeka, pamoja na wenzake wanaonuka soksi. Asubuhi kengele. Baada ya kengele usafi na ukaguzi, na kibanda kichafu hutangazwa mbele ya watu. Foleni ya chakula, zamu ya kufuta meza, sala, Biblia, michezo juani, sala tena. Simu zimefungiwa ofisini tangu siku ya kwanza. Yeyote aliyesoma bweni Tanzania akiiona ratiba hii atauliza mtoto alikosa nini. Atasema pia kwamba Wamarekani wamegundua sekondari ya bweni na kuiuza kwa wiki mojamoja. Utani huo ni mtamu, lakini haufiki. Bweni lipo kwa ajili ya mtihani wa taifa. Kengele yake, maharage yake na matroni wake vyote humsukuma mwanafunzi kuelekea karatasi atakayoijaza mwisho wa safari. Kambini hakuna karatasi. Hakuna anayepata daraja la kwanza, hakuna anayepata sifuri. Watu wanaohesabu senti kama hawa hawawezi kulipia kitu kisicho na cheti mpaka wawe wameona kuna jambo jingine mtoto analipata huko, na jambo hilo sisi tulikwisha kulipa jina zamani.

Tazameni yanayotendeka. Mtoto anatolewa kwa mama yake, na kuagana kunafupishwa makusudi. Kambi nyingi hazitaki mzazi apige simu wala kuja kuchungulia katikati ya wiki. Anakabidhiwa kwa mlezi ambaye si mzazi wala mwalimu wake, kijana wa chuo wa miaka ishirini hivi, mara nyingi aliyekwisha kupitia kambi hiyohiyo, anayelala nao kibandani na kuambiwa yale ambayo mama haambiwi. Huyo sisi tunamwita kungwi. Wanafundishwa nyimbo za makofi na kuruka ambazo haziimbwi kanisani Jumapili wala mtaani. Wanajaribiwa uoga: kupanda mnara na kujirusha ziwani, kutereza juu ya miti kwa kamba ya chuma, kuogelea mbele ya mkaguzi kabla ya kuruhusiwa kwenye kina. Mengine husemwa usiku tu, penye moto. Mwaka 1909 Arnold van Gennep alichapisha Ufaransa kitabu kuhusu desturi zinazomvusha mtu kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine, akaeleza kwamba zina hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati, na kupokewa tena. Babu hakumsoma, ila kumbini aliwapitisha watu humohumo. Kambi ya huku inazo mbili za kwanza bila kupungua. Ya tatu ndiyo yenye mgogoro.

Hata chakula cha kumbini kipo. Penye moto wa usiku vijana huchoma pipi nyeupe laini iitwayo marshmallow, wakaibana pamoja na chokoleti kati ya biskuti mbili. Biskuti hizo zina jina la Sylvester Graham, mhubiri wa Kipresbiteri aliyefariki mwaka 1851, ambaye alifundisha kwamba nyama, viungo na unga mweupe huwasha tamaa za mwili, na kwamba anayekula unga usiokobolewa atatulia. Leo biskuti ya mzee huyo inabeba sukari juu ya sukari, tena usiku wa manane, mikononi mwa vijana walewale aliotaka watulie.

Mtasema nimelazimisha mfano. Basi tuwaache wenyewe waseme. Mikutano ya kidini ya porini Wamarekani walikuwa nayo zamani: Agosti 1801, pale Cane Ridge, Kentucky, maelfu walikusanyika kwa siku kadhaa wakihubiriwa, wakilia na kuanguka. Makambi ya ndugu zetu Wasabato yametoka katika mkondo huo. Yale yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kwao yalifanyika Wright, Michigan, mwaka 1868. Lakini hayo ni ya familia nzima, bibi kwa wajukuu. Kambi ya watoto peke yao ni jambo jingine. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeanza, mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwachukua wavulana wa shule yake kwa wiki mbili wakalale pwani kama askari. Mwaka 1885 Sumner Dudley wa chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, akaanzisha jimboni New York kambi ambayo ipo mpaka leo. Hofu iliyowasukuma watu wa enzi hizo haikufichwa: mtoto wa mjini asiyelima wala kuwinda atakuwa mwanaume lini, na nani atamwambia? Mwaka 1904 mwanasaikolojia G. Stanley Hall alitoa kitabu kikubwa cha juzuu mbili kuhusu ujana, na sura moja ndani yake inaweka meza moja jando za watu aliowaita washenzi na kipaimara cha kanisa. Miaka miwili kabla yake, Ernest Thompson Seton alikuwa ameanza kuwakusanya wavulana wa kizungu porini wajifanye wenyeji wa asili wa Marekani, na kambi nyingi, za Kikristo zikiwemo, zikajivika majina ya makabila hayo, moto wa baraza na manyoya kichwani. Na tangu 1883 kanuni za serikali ya Marekani zilikuwa zikiwaadhibu wenyeji halisi kwa kucheza ngoma zao za dini, huku watoto wao wakipelekwa shule za bweni ili wazisahau. Yaani mwenye jando alifungwa, na aliyeliiga akatoza kiingilio.

Sisi wa Masasi tuna haki ya kulisema hili kuliko wengine, kwa sababu kwetu mambo yalikwenda kinyume. Wamisionari wengi Afrika Mashariki waliliona jando wakalipiga vita. Wale wa misheni ya Kianglikana ya UMCA hapo Masasi, Vincent Lucas akiwa mbele, walishika njia nyingine. Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba ukimnyang'anya kijana jando bila kumpa kitu mahali pake unamwacha njiani, si mtoto si mtu mzima. Basi likachukuliwa jando lenyewe, yakatolewa yale waliyoona yanapingana na Injili, zikatiwa sala na mafundisho ya Kanisa. Unaweza kubishana nao kuhusu walichotoa na walichobakiza, na wazee wetu walibishana. Lakini mgeni anapokuja leo kutueleza kuwa vijana wanaweza kutengwa porini kwa jina la Kristo, anawapelekea watu wa Mikindani samaki.

Mzee wa kanisa wa kwanza atasema: jando lina kisu, kambi haina. Ni kweli, na ni afadhali. Lakini kisu ni kazi ya dakika chache, na siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitalini wakiwa wadogo. Kama kisu kingekuwa ndicho jando, wazazi wao wasingeendelea kutafuta mlezi na ngoma. Tena hapa kwenye hatari ndipo tunapoweza kujifunza kwa wenzetu. Kabla mtoto hajakanyaga kambini mzazi hujaza fomu: chanjo, mzio wa karanga, dawa anazotumia, namba za simu za dharura, na ridhaa ndefu kwamba mtoto akiteguka mguu kambi isishitakiwe. Dawa zote hushikwa na muuguzi. Ziwani kila mtoto ana mwenzake wa kuangaliana naye. Filimbi ikilia wanashikana mikono, wanahesabiwa. Mtu mzima haruhusiwi kukaa na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, na kanuni hiyo ilizaliwa kwa maumivu, maana wapo watoto walioharibiwa kambini na watu waliobeba Biblia. Kwetu ridhaa aliitoa mjomba kwa kukohoa. Nakuheshimu, mjomba, lakini kikohozi hakisemi lolote kuhusu mzio wa karanga.

Wa pili atauliza kuhusu machozi. Programu nyingi hupandishwa kwa ngazi: siku za mwanzo vicheko, katikati dhambi, na kuelekea mwisho, mara nyingi Alhamisi usiku, msalaba, gitaa la taratibu, moto, na mwaliko wa kumpokea Yesu. Mahali pengine kijana hutupa kijiti motoni kuonyesha kuna jambo ameliacha. Kufikia hapo hajalala vya kutosha tangu Jumapili, tumbo limejaa sukari, yuko gizani, na kila aliye karibu naye analia. Ni wongofu huo, au ni uchovu? Pingamizi hili lina uzito, na Wakristo wa huku wenyewe wanalo, tena wengine wanalisema kwa ukali kuliko mzee wetu. Ila kumbi nayo ilitumia usiku, ngoma, njaa na uchovu, na waliotoka humo hawakuitwa waliodanganywa. Kijana wa miaka 14 aliyeshiba na kulala vizuri hamsikilizi mtu. Machozi ya Alhamisi hayathibitishi kitu wala hayakanushi kitu. La kuuliza ni nani atakuwa karibu naye Jumanne ya wiki inayofuata.

Wa tatu atasema hii ni anasa ya matajiri, watu wanaonunua shida kwa sababu nyumbani imeisha. Sina ugomvi naye sana, ingawa makanisa mengi huwalipia wasio na uwezo, na vijana huosha magari ya waumini ili kuchangisha nauli na ada.

Kasoro yenyewe iko kwenye hatua ya tatu. Mwali wetu akitoka kumbini anakuta watu wamejipanga: ngoma, nguo mpya, zawadi, chakula. Kuanzia siku hiyo haingii chumbani kwa wazazi wake ovyo, anatumwa kazi za watu wazima, na akipotoka mzee yeyote ana haki ya kumkumbusha alichofundishwa. Hapa wiki ikiisha gari linakuja, mtoto anarudishiwa simu yenye ujumbe wa siku zote hizo, na kabla hawajafika barabara kuu ameinama. Mlezi aliyezijua siri zake anarudi chuoni, pengine jimbo jingine kabisa. Jumapili kanisani anapewa dakika mbili aseme kambi ilikuwa nzuri, kisha yanafuata matangazo. Hakuna aliyebadilika kwake isipokuwa yeye, na kubadilika peke yako ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima. Ndiyo maana wengine hurudi kila kiangazi kuokoka upya. Wenye nafuu ni wale wa makanisa ya Kilutheri, ambayo yamejaa jimboni humu, wanapopeleka kambini darasa zima la kipaimara pamoja na mchungaji wake. Mchungaji aliyeumwa na mbu pamoja nao ndiye watakayemkuta darasani Septemba. Hao wamekaribia jando kamili.

Lakini tusijisifu mapema. Kwetu nako siku za kumbini zimefupishwa zikaingia ndani ya likizo, spika zinakodiwa, kadi za michango zinazunguka, na mwali anaweza kutoka akiwa na suti mpya bila neno jipya. Wamarekani wana mafunzo yasiyo na mapokezi. Sisi tunaelekea kubaki na mapokezi yasiyo na mafunzo. Nikilazimishwa kuchagua ubovu upi una nafuu nitasema wetu, kwa sababu mafunzo yanaweza kuandikwa upya na kamati yenye nia, lakini jamii ya kumpokea mtoto hainunuliwi kwa dola za wiki moja.

Kwa hiyo, mjomba, anzisheni. Msinunue kamba ya chuma, wala mnara, wala fulana zenye maandishi ya Kiingereza. Fanyeni likizo ya Juni, palepale penye ulinzi wa kanisa, na walezi wawe vijana wa hapohapo ambao watoto wataonana nao sokoni, shambani na kwaya mwaka mzima. Mkitembelewa na mgeni anayetaka kutoa boti, mshukuruni, kisha mwombeni aigeuze iwe posho ya muuguzi. Kanuni ya mtu mzima kutokaa faraghani na mtoto mmoja isomwe mbele ya usharika wote, wazee wakiwemo. Fomu ya afya nimeitafsiri na kuiambatisha hapa. Itoeni nakala, ijazwe kwa kila mtoto kabla shule hazijafungwa.