Jiko la Baba Mkwe

Mke wangu alinipa kazi moja tu. Gari kutoka Atlanta hadi Florida angeendesha yeye, maana anasema mimi naendesha kama niliyebeba trei ya mayai. Nyumba ya kupanga kule Kissimmee alishailipia. Nguo za mapacha wetu wa miaka 6, Kulwa na Doto, zilishakunjwa. Kilichobaki kwangu ni kutafuta mahali pa kula chakula cha jioni siku ambayo wazazi wake wangetimiza miaka 50 ya ndoa.

"Patulivu," alisema, kidole kimeninyookea. "Sijasema pazuri. Sijasema pa bei rahisi. Patulivu, Baba asikie tunachomwambia."

"Niachie mimi," nikajibu.

Baba mkwe alifanya kazi zaidi ya miaka 30 katika karakana ya treni, nyundo kwa chuma asubuhi mpaka jioni, na masikio yake aliyaacha humo. La kushoto lilistaafu kabla yake. La kulia linasaidiwa na mashine ndogo inayokaa nyuma ya sikio, yenye betri kama punje ya kunde. Sasa mashine ya masikio ina tabia ya mjumbe asiyejua kuchuja maneno. Ukimwambia mzee "shikamoo Baba" kwenye chumba kimya, atasikia na atakujibu. Ukimwambia hivyo hivyo penye watu, mashine itamletea shikamoo yako pamoja na vijiko, miguu ya viti, mtoto anayelia meza ya mwisho na friji linalonguruma nyuma ya kaunta, vyote kwa heshima sawa.

Utauliza kwa nini basi jubilei ya dhahabu ya wazee kutoka Muheza ikafanyike kwa Mickey Mouse. Tulipiga kura. Mapacha walikuwa wawili, Mama mkwe akajiunga na wajukuu, na mimi sina desturi ya kupinga upande alioko Mama mkwe.

Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971, na imekalia eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100 karibu na Orlando. Ina viwanja vikubwa vinne vya burudani, mahoteli, maziwa, barabara zake yenyewe, na sehemu za kula nyingi kiasi kwamba mtu akikwambia "tutakula Disney" ni kama amekwambia mkutane Kinondoni. Meza za sehemu zinazopendwa huanza kugombewa siku 60 kabla, alfajiri, watu wameshika simu kama wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Hilo nilikuja kulijua siku 19 kabla.

Nilianza juu kabisa. Kuna mkahawa uitwao Victoria & Albert's, ndani ya hoteli ya Grand Floridian, uliopata nyota ya Michelin mwaka 2024. Utulivu wake hauna shaka, kwa sababu watoto chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kuingia. Kulwa na Doto, hata ukiwabebanisha, wana 12, lakini nilihisi hesabu hiyo haitakubaliwa. Bei nayo nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni sehemu ya namba ya simu. Nikashuka. Kuna California Grill, juu kabisa ya hoteli ya Contemporary, ambako watu hupanda kula huku wakitazama fataki za usiku. Nikamfikiria Baba, mashine sikioni, fataki angani. Nikashuka tena.

Nilishuka hadi nikafika kwenye picha ya mshumaa. Ilikuwa meza, kitambaa cheupe, mshumaa mmoja, mkate wa mahindi kwenye kikapu. Nafasi ilikuwepo, watu sita. Nikabonyeza kabla haijaondoka. Jina la mahali hapo nitalihifadhi, kwa kuwa maelezo yote yalikuwa yameandikwa chini ya picha. Tatizo ni kwamba mimi sikuteremka chini ya picha.

Ilikuwa bufe ya katuni.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu jioni, Baba ndani ya suti yake ya kahawia, Mama na kitenge kipya na ile beji ya bure wanayopewa wenye sherehe. Beji peke yake ilitugharimu nusu saa. Kila mfanyakazi aliyeiona alimpongeza Mama, na Mama hawezi kupongezwa na mtu bila kusimama, kumshika mkono na kumuuliza habari za nyumbani kwao.

Ndani, sakafu ngumu, dari liko mbinguni, watoto kama mia. Mhudumu akatuletea vitambaa tukaelezwa, kwa ishara, kwamba muziki ukianza kila mtu avizungushe juu ya kichwa. Muziki ukaanza. Bata wa ukubwa wa mtu akaja kumkumbatia Baba mkwe kwa nyuma. Sijawahi kumwona mzee yule akiruka.

"Ndiyo hapa patulivu?" mke wangu akaniuliza.

Katika siku zangu za kutafuta meza nilikuwa nimesoma habari za Étienne Lombard, daktari wa masikio wa Ufaransa, aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila mwenyewe kujijua. Jirani naye hupandisha ili amshinde, na ukumbi mzima hupanda hivyo hivyo mpaka juu. Nikaona ni wakati mzuri wa kumweleza mke wangu jambo hilo. Nilimweleza kwa kupiga kelele. Alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akaenda kuchukua saladi.

Baba alivumilia dakika kumi. Akaichomoa mashine, akaizungushia tishu vizuri kama anayefunga dawa, akaiweka kando ya sahani. Baada ya hapo alikula kwa amani, akimpungia mkono kila katuni aliyepita. Hotuba yangu, kurasa mbili, ilibaki mfukoni.

Tuligundua kwenye maegesho. Baba alipapasa sikio, akapapasa mfuko wa koti, akatutazama. Tulirudi mbio. Meza ilishafutwa, watu wengine wamekaa, vitambaa vinazunguka hewani. Wahudumu walitusaidia kwa moyo wote. Nami nilivaa glavu nikafukua mfuko wa taka hadi kiwiko. Nilipata uma tatu na jino la bandia ambalo halikuwa la mtu wetu.

"Mama, hukuiona kweli?" mke wangu akauliza. "Si ulikaa karibu naye?"

"Mimi nimeona nini na bata wamejaa vile," alijibu Mama, mkoba wake mkubwa ameukumbatia kifuani.

Usiku ule sikulala. Nilikaa sebuleni Kissimmee na simu mkononi, nikipekua meza zilizoachwa. Watu wengi hufuta nafasi muda ukikaribia, kukwepa faini ya kutokutokea, na mwenye subira huokota. Saa saba usiku nikaokota: kesho, saa kumi na moja na robo jioni, watu sita, Animal Kingdom Lodge. Saa ya mapema vile watu wengi bado wako viwanjani na foleni zao. Safari hii niliteremka chini ya picha nikasoma mpaka mstari wa mwisho.

Kesho yake mchana tuliwapeleka mapacha Animal Kingdom, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1998. Humo kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao waliousanifu waliuchukulia mfano Lamu. Plasta imebanduka kwa makusudi, rangi imepauka kwa makusudi, kutu ya mabati imepakwa kwa brashi. Mama mkwe aligusa ukuta, akaukwaruza kwa ukucha.

"Kwa hiyo wamemlipa fundi auchakaze?"

"Ndiyo, Mama."

"Wangetuita. Kule Pangani huchakaa bure."

Jioni tukaenda hotelini. Lango kuu, kijana mwenye kofia anatusalimu: "Jambo!" Mama akasimama. "Sijambo, mwanangu. Hujambo wewe? Habari za tangu asubuhi? Wazazi hawajambo?" Kijana akatabasamu. "Jambo!" akarudia. Beji yake ilionyesha anatoka Afrika Kusini. Kila mfanyakazi pale jina la kwao huwa limeandikwa chini ya jina lake. Mama akaniegemea: "Amefundishwa salamu, hajafundishwa jibu."

Hoteli ile ilifunguliwa mwaka 2001 na majina yake ni kama mtu amemwaga kamusi yetu. Jengo ni Jambo House. Bwawa la kuogelea ni Uzima. Sehemu za nyasi wanakolisha wanyama, moja inaitwa Arusha, nyingine Pembe. Tulisimama barazani tukatazama twiga watatu wakitafuna, na Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tumepanga foleni ubalozini, tumepigwa picha, tumechukuliwa alama za vidole, tumevuka bahari. Tumekuja kuona twiga, Arusha."

Chini kuna milango miwili. Mmoja ni Boma, ambako ni bufe, na harufu yake peke yake ilimfanya Mama apunguze mwendo. "Boma? Mkuu wa Wilaya yupo?" Nikamwambia hapana Mama, sisi tunakwenda mlango ule mwingine, unaitwa Jiko.

"Tunakwenda wapi?" Baba akauliza. Bila mashine yake, sauti yake haina breki.

"Jiko, Baba."

"Eeh?"

"JIKO! TUNAKWENDA JIKO!"

Baba akageuka taratibu akamtazama Mama, kitenge, beji na vyote. "Jiko jingine la nini tena? Hili nililolipata linawaka mpaka leo."

Mama alijifunika uso kwa mtandio kama msichana wa miaka 20. Mke wangu akaanza kulia hapo hapo mlangoni, na mimi nikaona kwamba hotuba yangu ya kurasa mbili imeshapitwa.

Ndani palikuwa patulivu. Narudia kwa ajili ya mke wangu, ambaye atasoma hapa: palikuwa patulivu. Taa zinaning'inia kutoka darini kama ndege walio safarini, tanuri za kuni zinawaka upande wa pili, meza zimejaa nusu tu, watu wanazungumza kama walio maktaba. Orodha ya mvinyo wa Afrika Kusini ni nene kama kitabu cha tenzi. Mapacha wenyewe walikaa wima. Nilipata utulivu ule nilioagizwa, na mwenyewe aliyetafutiwa alikuwa hana cha kuusikilizia.

Nikajaribu. Nikainama karibu na sikio la kulia nikaanza hotuba kwa sauti ya chini.

"Eeh?"

Nikapandisha. "Baba, nasema, kwa niaba ya familia..."

"Familia imefanya nini?"

Nikapandisha tena, nikafika mahali ambapo Kulwa aliziba masikio. Ukumbi mzima uligeuka. Yule Mfaransa hakuwa ameandika lolote kuhusu mtu anayepiga kelele penye kimya. Mke wangu alinivuta shati, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye aya ya kushukuru, ile niliyoiandika kwa machozi, kwamba walinipa binti yao nikiwa sina kitu, wakaniamini.

"...NA MKANIAMINI, BABA!"

Neno hilo alilisikia. Akatua uma. Akafuta midomo. Kisha kwa sauti iliyozoea kushindana na nyundo akasema:

"Tulikuamini, ndiyo. Ng'ombe wawili waliobaki kwenye mahari unawaleta lini?"

Nilijifariji kwamba tuko Florida. Nani pale anajua Kiswahili? Nikatazama kushoto, wazee wa Kizungu wanatabasamu kwa adabu. Nikatazama kulia. Meza ya pili kutoka kwetu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, amekaa na mumewe, kijiko kimesimama nusu ya njia, mabega yanatikisika.

"Mjibu mzee, baba," alisema, kwa lafudhi ya Mombasa iliyonyooka. "Sisi huku tumenyamaza kukusikiliza."

Nilijibu. Jibu lenyewe ni la familia. Mama yule na mumewe walihamia mezani kwetu wakati wa chai, na ilipofika saa moja na nusu sisi ndio tulikuwa kelele za pale ndani, watu wanane, na kijana wa Afrika Kusini kule mlangoni akajifunza jibu la "hujambo" kabla hatujaondoka.

Tulirudi Kissimmee. Karibu saa sita usiku, nyumba imelala, nikasikia mlango wa kabati la wazee. Baba alikuwa na njaa. Sahani za kule, alisema, zimechorwa vizuri lakini hazijajazwa. Sauti ya Mama ikamwambia anyamaze. Ukafuata mlio wa zipu, ule mkoba mkubwa, ambao tangu jana haukutoka kabatini, na jioni hii Mama alikuwa amebeba kipochi cha shanga.

Hapo inabidi nieleze kwamba kabla ya safari mke wangu alimwapisha mama yake: hakuna kubeba chakula kutoka kwenye bufe. Huku hawafanyi hivyo, Mama. Na Mama aliapa.

Nilipofika mlangoni, Doto alishanitangulia, amesimama na nguo za kulalia. Bibi ameketi kitandani, tishu zimetandazwa mapajani, mikate ya mahindi minne, iliyofungwa mmoja mmoja. Fundo la tano, dogo kuliko mengine, lilikuwa bado halijafunguliwa, na kutoka ndani yake ulitoka mlio mwembamba, mrefu, kama mbu aliyeudhika.

"Bibi," Doto akasema, "mkate unalia."

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilihisi pumzi yake shingoni. Mama hakututazama. Alifungua fundo, akaipuliza ile mashine, akaifuta kwa pindo la kanga na kumpa mumewe. Baba akaivaa, akaigonga kwa kidole mara mbili, akatega, akatutazama mmoja mmoja mpaka akafika kwangu.

"Enhe," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Sasa nasikia. Hebu anza upya."